Tusisubiri turubai la msiba ndipo tukae pamoja

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni mama wa miaka 57, mzaliwa wa kisiwa cha Ukara, na tangu mwaka 1991 naishi Kitangiri hapa jijini Mwanza. Kazi yangu ni kushona nyavu. Wavuvi wa Kirumba, Kitangiri na Bwiru huniletea zilizochanika, nakaa nazo barazani mpaka ziwe tayari kurudi majini. Sikuzoea kuandika magazetini, lakini kuna jambo nimeliishi kwa miaka mitatu sasa, na nikinyamaza nalo nitakuwa nimewanyima wenzangu.

Nianze na jirani yangu wa ukuta mmoja. Alihamia mtaani kwetu na mkewe, wote watu wazima, wakapanga nyumba inayopakana na yangu. Kwa miaka minne tulisalimiana kama watu wa mjini wanavyosalimiana: shikamoo mzee, marahaba mama, za kwako, nzuri, kila mmoja akashika njia yake. Jioni nilikuwa nasikia muziki wa nyuzi ukitoka upande wao, taratibu, kama wa mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. Nikajua ni redio. Miaka minne nilijua ni redio. Mzee akafariki, turubai likafungwa uani kwao, tukaenda. Siku ya pili ya matanga mjukuu wake akatoa kitu chumbani, akakiegemeza ukutani ili kina mama wapate pa kulaza watoto. Ilikuwa nanga. Nasema nanga ya muziki: kipande kimoja cha mti kilichochimbwa kama mtumbwi mdogo, uzi mmoja umepitishwa juu yake kwenda na kurudi mpaka umekuwa nyuzi nane. Sisi tuliotoka Ukara na Ukerewe tunaijua, na ndugu zetu wa Bukoba pia. Nikachuchumaa, nikaigusa. Uzi wake ulikuwa wa nailoni, wa aina ileile ninayoshonea nyavu, na sehemu mbili ulikuwa umekatika ukaungwa fundo. Mzee yule alikuwa anaunga uzi chakavu, na mimi upande wa pili wa ukuta nina mabunda yake mapya, na hapajatokea siku tukaambizana.

Nililia sana pale. Waliokaa karibu nami walidhani marehemu alikuwa ndugu yangu.

Nikarudi nyumbani nikajiuliza: mtaa wetu hukaa pamoja lini? Kwenye misiba. Kwenye harusi, kama una mchango. Kwenye mkutano wa mtaa, na hapo ni taka, maji na ulinzi shirikishi, watu wakitazama saa. Silalamikii misiba hata kidogo. Kikundi chetu cha kufa na kuzikana ni kitu ninachokiheshimu kuliko vyote nilivyojiunga navyo. Na hakuna mtu atakayekusikiliza kama yule mliyelala naye mkeka mmoja usiku wa matanga. Hapo ndipo unamjua nani alikuwa mpiga ngoma, nani ana mtoto Kigoma hajamwona miaka kumi, nani anaogopa giza. Lakini tukishaanua matanga, guta linakuja kubeba viti na masufuria, na sisi nasi ni kama tumebebwa. Kesho yake ni salamu za getini tena.

Mjane wa yule mzee, ambaye sasa namwita dada, aliniletea ile nanga baada ya arobaini. Akasema, mdogo wangu, nitolee hii nyuzi mbovu uweke nzuri, hata kama hakuna wa kuipiga. Nikamwambia kaa basi, maana kazi yenyewe inataka mtu wa kushika upande wa pili. Akakaa. Jioni ile tulizungumza mpaka usiku. Keshokutwa yake akaja pia mama wa mbele yetu anayechambua dagaa wa kuuza, na ungo wake. Hivyo ndivyo tulivyoanza, hatukuanzisha kitu. Mwezi wetu wa pili tulikuwa tisa. Sasa huwa tunafika 25, wakati mwingine 30, chini ya mwembe ulio katikati ya nyumba zetu.

Tunakutana siku za mbalamwezi, na sababu yake wanaoishi kando ya ziwa wanaijua. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi wanawasha taa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi taa za betri na za sola, dagaa wanaufuata mwanga, wavu unawazunguka. Mwezi ukijaa, maji yote yana mwanga, dagaa hawana sababu ya kuifuata taa ya mtu. Basi mitumbwi inavutwa mchangani na vijana wanarudi makwao. Tungekutana kila Jumamosi kama tulivyoshauriwa, nusu ya mwaka tusingewaona wale tunaoishi kwa jasho lao. Kwa hiyo kalenda yetu ni mwezi wenyewe: siku nne au tano unapokuwa mkubwa, kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 3 usiku.

Kila mtu anakuja na kigoda chake na kazi yake ya mkono. Mimi wavu. Wengine ukili wa mkeka, mchele wa kuchagua, viatu vya kushona. Kuna kijana anafungua simu mbovu na bisibisi ndogo akipanga skrubu zake kwenye kifuniko cha chupa. Jambo hili la kazi za mkono naliona kubwa kuliko linavyoonekana. Mtu ukimkalisha mikono mitupu ukamwambia haya, sema, anakauka. Mwache aendelee na kazi yake, macho yako chini kwenye fundo, atasema mwenyewe jambo alilolibeba miaka 20. Mwanamume mmoja, mwashi, alisimulia kifo cha mtoto wake wa kwanza huku akinisaidia kukata kingo za tundu la wavu. Tundu la wavu huwezi kulishona lilivyo; lazima kwanza ukate nyuzi zilizolegea mpaka ufike kwenye macho mazima ya wavu, ndipo uanze fundo. Alikata polepole, jicho kwa jicho, na kila alipokata alisema kidogo. Hakuna aliyemkatiza. Alipomaliza kukata alikuwa amemaliza kusimulia, akanirudishia kisu, akaomba chai.

Tunakuwa na swali moja tu, na anayelileta ni mtu ambaye mara iliyopita hakusema neno. Hatuna mwenyekiti wala katibu. Hakuna mheshimiwa, mwenye cheo anakiacha kwake, hapa ni mzee, mama, dada, kijana.

Swali lililotuchukua mbalamwezi mbili nzima lililetwa na kijana wa bodaboda: ukiulizwa kwenu ni wapi, unajibu nini? Mwenyewe alisema, mimi nimezaliwa hospitali ya Sekou Toure, nimesoma hapahapa, lakini nikisema kwetu Mwanza mtu ananiambia hapana, kwenu hasa. Nikisema Shirati, naulizwa Shirati ipi. Nikienda Shirati wananiita mtoto wa Mwanza. Sasa mimi ni wa nani? Bibi mmoja wa Kizinza akasema ndugu zake wameshapanga akifa apelekwe Sengerema kijijini. Akasema: watoto wanne nimewazalia hapa Kitangiri, wawili nimewazika hapa. Nataka nilale nao. Palikuwa kimya, kisha mzee mmoja akatoa mfukoni barua ya utambulisho aliyokuwa amechukua asubuhi ile kwa ajili ya benki. Akaisoma kwa tochi ya simu: “ni mkazi wa mtaa huu.” Akauliza, mbona hawaandiki mwenyeji? Miaka 40 naandikiwa mkazi, ni lini nitakuwa mwenyeji?

Tukabishana kweli. Mmoja akasema mwenyeji ni aliyezaliwa mahali. Wakamwuliza Mwanza hii ya Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wazinza, Wahaya, Wajaluo, Wakurya na Waha, ukianza kuhesabu waliozaliwa utamwacha nani nje. Mwingine akasema mwenyeji ni mwenye hati ya kiwanja. Wapangaji, ambao ndio wengi wetu, hawakuikubali hiyo. Ni dada yangu mjane aliyelimaliza. Alisimama, akachukua birika, akasema, wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwa hiyo mwenyeji ni yule anayeweza kumwambia mwenzake karibu. Mimi leo nawakaribisha chai, basi mimi ni mwenyeji. Akazunguka akimmiminia kila mtu, na yule kijana wa bodaboda akainuka akamshikia vikombe.

Na mimi nilijibu swali lile. Ukara kwetu ardhi ni ndogo na watu ni wengi, hata mti una mwenyewe. Mpaka leo naweza kukuonyesha upi ulikuwa wa baba yangu. Lakini waliobaki kule hawanijui sura. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Bwisya, kule kwetu Ukara, watu zaidi ya 220 wakafa, na mimi nilikuwa na wangu humo. Nilikaa barazani siku saba. Waliokaa nami hawakuwa Wakara. Mama wa Kikurya alinipikia, Mhaya alinichotea maji, Msukuma alilala mlangoni kwangu kama mlinzi. Tangu siku zile nikiulizwa kwetu wapi nasema Kitangiri, nikisisitizwa “hasa” nasema tena Kitangiri.

Mzee wetu mmoja, mwenyeji wa Kisesa, anasema tunachokifanya si kigeni. Kwa Wasukuma ni shikome, ule moto wa uani ambapo wazee waliota jioni na vijana wakafundishwa wakiwa wamekaa. Ndiye aliyetueleza pia juu ya wigashe, ngoma ambayo watu huimba wameketi, na mashindano ya Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma, baada ya mavuno, ambayo mpaka leo unaweza kuyaona kwenye sherehe za ngoma za Bulabo pale Bujora. Pande mbili zinacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevutia watu wengi. Kwa hiyo kila kundi linaumiza kichwa: leo tulete nyoka, leo sanamu ya mti, leo wimbo mpya wa kumjibu yule. Mzee akasema ubunifu ulikuwa kazi ya watu wote, ukikaa kimya umati unahamia upande wa pili. Nimeyafikiria sana maneno hayo. Mtu hutunga akiwa na wa kumsikiliza. Jirani yangu mwenye nanga alikuwa akipigia kuta.

Sasa niseme lililotuumiza, nalisema bila kumtaja mtu. Mwaka wetu wa pili, watu wa mradi fulani walisikia habari zetu, wakaja. Walikuja kwa nia njema, nina hakika. Wakaleta maji ya chupa, bango kitita, mwezeshaji, na shilingi 10,000 kwa kila mtu ya nauli, wakati wengi wetu tumetembea hatua 30. Wakasema maswali yetu yapangwe yawe mada. Mbalamwezi ya kwanza tulifika 60, nyuso nyingi sijawahi kuziona. Na palikuwa na daftari la mahudhurio: jina, umri, simu, sahihi. Yule bibi wa Kizinza, ambaye maneno yake juu ya makaburi yalitufanya wote tufikiri upya, hajui kuandika. Alipoona daftari linamjia alijifunga khanga yake vizuri, akasema anaenda kuzima jiko. Hakurudi jioni ile, wala iliyofuata. Nilimfuata nyumbani kwake. Akaniambia, mwanangu, sikujua kama siku hizi kukaa na wenzako ni lazima uwe umesoma.

Mradi ukaisha baada ya miezi minne. Mbalamwezi iliyofuata tulikuja sita. Kijana mmoja alipita akauliza, mama, leo kuna kitu? Nikamjibu kuna watu. Akaenda zake. Ilituchukua karibu mwaka mzima kurudi tulipokuwa, na bibi nilimrudisha mimi mwenyewe kwa kumshika mkono.

Masika nayo ilitufundisha. Mwembe haukingi mvua ya ziwa, ile inayokuja na upepo ikapiga kutoka ubavuni. Tukaenda kuomba ukumbi kwenye ofisi moja ya umma iliyo karibu, ukumbi unaokaa mtupu kila jioni. Tukaulizwa sisi ni kikundi gani, usajili uko wapi, agenda ni nini. Tulipojibu hatuna agenda, tunakaa tu, yule mhudumu aliweka kalamu chini akatutazama kama watu wanaoficha jambo. Tuliambiwa tuandike barua. Tuliandika. Masika ikaisha tukiwa kwenye baraza ya dada, watu 23 tumebanana, wavu wangu umepita kwenye magoti ya watu wanne.

Kwa hiyo, mhariri, ninachoomba ni hiki. Wenye ofisi na kumbi zinazofungwa saa 9:30 alasiri, tuachieni uani na taa moja. Tutafagia wenyewe. Wanaochora ramani za jiji, naona kazi yao. Nimefika stendi mpya ya Nyegezi, nimevuka na daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, na nimefurahi kama kila mtu. Naomba tu katika kila mtaa wabakize mti na mabenchi mahali ambapo mtu hatatakiwa kununua kitu ndipo akae. Na wenye miradi, karibuni sana, njooni na kigoda. Lile daftari liacheni ofisini.

Nikitaja daraja namkumbuka mwenzetu mmoja. Tangu ile ajali ya Ukara hakukanyaga tena kivuko, na dada yake mkubwa anaishi Sengerema. Ilikuwa imepita miaka karibu saba wanasikiana kwa simu tu. Swali la jioni moja lilikuwa, ni nani anakupigia simu lakini humwoni? Akamtaja dada yake, akaeleza hofu yake mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Daraja lilipofunguliwa, wawili kati yetu walimsindikiza kwenye basi. Alirudi na mkungu wa ndizi na picha ya dada yake kwenye simu, akaizungusha chini ya mwembe mpaka betri ikaisha.

La mwisho ni la mtumbwi. Fundi mmoja wa mitumbwi aliye nasi amemaliza kuunda wa kina mama watatu waliochanga kupitia vikoba. Wakaomba tuwape jina. Tumelibishania mbalamwezi tatu. Mungu ni Mwema ipo tayari kwenye mitumbwi mingi, Subira ikaonekana nzito. Binti wa kidato cha pili, mtoto wa yule mama wa ungo, akasema kwa sauti ndogo: Giza Letu. Kina mama wakashtuka, giza linaitwa hivi hivi? Mvuvi mmoja mtu mzima akamtetea. Akasema huyu mtoto amesema jambo ambalo sisi wavuvi hatujawahi kulisema: ada zake za shule zimetoka gizani, sare imetoka gizani, na usiku usio na mwezi ndio wetu sisi. Wenye mtumbwi walinong'onezana kidogo, wakakubali.

Kijana anayechora maandishi ya daladala ameshaanza, herufi za bluu juu ya ubao mweupe, kila moja urefu wa kiganja. Ameiacha U ya mwisho bila rangi kwa sababu binti ameomba aipake mwenyewe mwezi ukijaa. Wavu wa mtumbwi huo uko miguuni pangu ninapoandika barua hii. Umebaki matundu mawili.

Mama mshona nyavu,
Kitangiri, Mwanza